Camillo Golgi na Wavu Wake

Hebu chukua daftari lako la baiolojia ulifungue pale palipochorwa seli ya mnyama na seli ya mmea. Mchoro huo kila mmoja wetu anao, na kuna walioupaka rangi kabisa. Utakuta kiini katikati, utando mwembamba umeizunguka seli yote, mitokondria zimetapakaa kama maharagwe, na upande wa mmea utaona ukuta mgumu, vakuoli kubwa na kloroplasti za kijani. Hayo yote ni majina ya vitu. Kisha kando ya kiini kuna mistari michache iliyojipinda, imelaliana kama chapati kwenye sahani, na hapo pameandikwa Golgi kwa herufi kubwa. Golgi ni nani? Niliwauliza wenzangu bwenini. Mmoja akaniambia ni neno la Kilatini. Mwingine akaapa kwamba ni aina ya dawa. Kumbe ni mtu! Tena ni mtu aliyezaliwa, akaoa, akabishana na wenzake hadi uzeeni, akafa akazikwa. Nami nimeona habari zake zisibaki katika vitabu vya Kiingereza peke yake, maana wapo wanaodhani kwamba lugha yetu inafaa mashairi na methali lakini ikifika kwenye hadubini inapigwa na bumbuazi. La hasha.

Camillo Golgi alizaliwa tarehe 7 Julai 1843 katika kijiji cha Corteno, milimani kaskazini mwa Italia. Siku hizo Italia haikuwa nchi moja, na sehemu hiyo ya Lombardia ilitawaliwa na Austria. Baba yake, Alessandro, alikuwa daktari wa watu wa huko milimani, kwa hivyo mtoto alikua akiona wagonjwa na chupa za dawa. Akafuata nyayo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia na kuhitimu mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 22.

Wakati huo watu walijua nini kuhusu seli? Si mengi. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyeviona vijumba vitupu katika kipande cha gome la mti mwaka 1665 akavipa jina hilo la seli. Mwaka 1831 Robert Brown wa Uskoti akakipa jina kiini, baada ya kukiona tena na tena katika seli za maua ya okidi. Miaka michache baadaye Wajerumani wawili, Schleiden aliyechunguza mimea na Schwann aliyechunguza wanyama, wakatangaza kwamba viumbe hai vyote vimejengwa kwa seli. Basi. Ukiondoa kiini na zile kloroplasti ambazo rangi yake inazifichua zenyewe, mengine yote ndani ya seli yalionekana kama uji.

Huko Pavia kijana Golgi alifanya kazi kwanza na Cesare Lombroso, aliyeshughulikia wagonjwa wa akili, kisha akavutwa na Giulio Bizzozero. Huyu Bizzozero alikuwa mdogo kuliko Golgi kwa umri, lakini ndiye aliyemfundisha kukaa na hadubini saa nyingi bila kuchoka. Sisi kwetu mkubwa hapendi kufundishwa na mdogo. Golgi hakujali, na miaka baadaye alimwoa Lina, mpwa wa huyo huyo Bizzozero.

Lakini hadubini haijazi tumbo. Mwaka 1872, kwa ajili ya shida ya pesa na kwa kusukumwa na baba yake, Golgi alikubali kazi ya mganga mkuu katika hospitali ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, katika mji mdogo wa Abbiategrasso karibu na Milano. Fikiria mwenyewe. Mtu ameanza kujulikana chuoni, sasa anapelekwa mahali ambapo hakuna maabara, hakuna wanafunzi, hakuna hata mtu wa kuzungumza naye habari za utafiti. Wengi wangekata tamaa wakangoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Jamaa huyu alichukua jiko dogo akaligeuza maabara. Mchana alitibu, usiku akirudi jikoni kwake na vipande vya ubongo.

Hapa yafaa nieleze shida iliyokuwa ikimkera, kwa sababu usipoielewa hutaona ukubwa wa alichofanya. Seli za ubongo na za neva si kama seli nyingine. Kila moja ina matawi mengi, na matawi hayo yamesongamana na ya jirani zake. Ni kama msitu wa mikoko usiku: mizizi juu ya mizizi, huwezi kujua mzizi huu ni wa mti upi. Ukitia rangi ya kawaida, seli zote zinashika rangi pamoja nawe unabaki na fujo ile ile, sasa ikiwa na rangi. Usipotia rangi huoni kitu.

Golgi alichukua vipande vya ubongo akaviloweka kwa siku nyingi katika maji ya potasiamu daikrometi ili vigumu, halafu akavitia katika naitreti ya fedha. Alipokata vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini, lo! Seli chache tu, pengine moja hapa na nyingine kule, zilikuwa nyeusi ti, na nyingine zote zimebaki manjano. Na zile chache zilionekana zima, kutoka mwilini hadi ncha ya tawi la mwisho. Ni kama mtu aingie katika ule msitu wa mikoko, auchague mti mmoja tu katika kila mia, aupake masizi kuanzia mizizi hadi majani, kisha awashe taa. Kwa nini dawa ile huchagua seli hizi na kuziacha zile, hata leo halijaelezwa likaeleweka sawasawa. Golgi aliiita athari nyeusi. Mwezi wa Februari 1873 alimwandikia rafiki yake barua ya furaha kumwarifu, na mwaka huo huo akachapisha habari hizo katika gazeti la madaktari. Italia haikutikisika, na nchi za nje hazikusikia upesi.

Chuo kilisikia, hata hivyo. Alirudishwa Pavia akawa profesa, akaenda Siena kwa muda mfupi, kisha akarudi Pavia na hapo hakubanduka tena. Alikuja kuwa hata mkuu wa chuo chenyewe, na mwaka 1900 akafanywa seneta. Mambo ya vyeo siyapi nafasi kubwa, maana vyeo wanavyo wengi.

Kuna jambo jingine ambalo latuhusu sisi zaidi, nalo ni malaria. Mabonde ya kaskazini mwa Italia yenye mashamba ya mpunga yalikuwa na homa hiyo, msishangae. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Laveran, alikuwa amekiona kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Waliomwamini walikuwa wachache. Kuanzia mwaka 1885 Golgi aliwakalia wagonjwa wa homa huko Pavia, akiwatoa damu saa baada ya saa na kuchora alichokiona. Waganga walijua tangu kale kwamba homa nyingine hurudi kila baada ya saa 48 na nyingine kila baada ya saa 72, ila sababu hawakuijua. Golgi aliona kwamba kijidudu hukua ndani ya chembe nyekundu ya damu, kikagawanyika, na chembe ile ikapasuka kumwaga vijidudu vichanga. Wakati huo huo wa kupasuka, mgonjwa anaanza kutetemeka! Akaonyesha pia kwamba homa ya saa 48 ina kijidudu chake na ile ya saa 72 ina chake. Si kijidudu kimoja kinachobadilisha ratiba. Alichunguza vilevile ni saa gani inafaa kumpa mgonjwa kwinini. Haya yote kabla ya Ross kuonyesha mwaka 1897 kwamba mbu anahusika. Malaria inayoua zaidi hapa Kenya ni ya jamaa mwingine katika ukoo huo, Plasmodium falciparum, ambaye homa yake haifuati saa vizuri. Lakini ule mtetemeko unaompata mwenzako kitandani hadi blanketi tatu hazitoshi, maana yake ilielezwa Pavia.

Sasa tufike kwenye ile mistari ya daftarini.

Mwaka 1898 Golgi alikuwa na umri wa miaka 54. Alikuwa akiendelea kuibadilisha ile dawa yake ya fedha, mara hivi, mara vile. Safari hii alikuwa akichunguza seli kubwa za ubongo wa nyuma wa bundi. Naam, bundi, ndege ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hawalali; kwa Golgi alileta heri. Ndani ya seli, baina ya kiini na utando wa nje, aliona nyuzi nyeusi zilizofumana kama wavu wa mvuvi uliotupwa chini. Hazikuwa matawi ya seli. Zilikuwa ndani kwa ndani. Mwezi wa Aprili mwaka huo alilieleza jambo hilo mbele ya chama cha madaktari wa Pavia, akakiita kitu kile kifaa cha ndani chenye umbo la wavu. Wanafunzi wake wakakitafuta katika seli nyingine wakakiona, si za neva peke yake.

Watu wakauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza. Je, wavu huo umo ndani ya seli kweli, ama ni uchafu ulioletwa na dawa? Ukiloweka nyama kwa siku kadhaa katika kemikali kali kisha ukaikuta na michirizi, utajuaje kama michirizi hiyo ilikuwepo ng'ombe akiwa hai? Dawa yenyewe ilikuwa na kiburi: leo inakubali, kesho inakataa. Wengine walifuata maelezo yote wasione kitu. Wengine waliona, lakini kwa umbo tofauti. Basi ubishi ukaanza, na ubishi huo haukwisha upesi. Ulidumu miaka zaidi ya 50.

Kabla haujaisha alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 1906. Hakupewa kwa sababu ya ule wavu wa ndani ya seli. Alipewa kwa kazi yake juu ya neva, na aligawana na Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Hapo ndipo pana kisa. Cajal alijifunza ile athari nyeusi ya Golgi mwaka 1887 akaipenda kupita kiasi, akaitengeneza iwe bora, akachora maelfu ya seli. Kwa kutumia chombo cha Golgi, Cajal aliona kwamba kila seli ya neva imesimama peke yake, na kwamba tawi la hii hukaribia la ile bila kuungana nalo. Golgi yeye alishikilia kwamba seli zote za neva zimeungana katika wavu mmoja mkubwa usio na mwanzo wala mwisho. Wawili hawa hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana mpaka siku walipokutana Stockholm. Unadhani walikumbatiana? Golgi alisimama tarehe 11 Desemba kutoa hotuba yake, akaitumia karibu yote kuishambulia nadharia ya mwenzake. Siku iliyofuata Cajal akasimama akaeleza ushahidi wake. Mimi nikisoma habari za siku hizo mbili namwonea Golgi huruma na pia naona haya kwa niaba yake. Mtu aliyekaa peke yake jikoni akaona kisichoonwa na mtu, uzeeni anakataa kuona kinachoonwa na kila mtu, tena kwa taa aliyoiwasha mwenyewe!

Vita Vikuu vya kwanza vilipofika Italia mwaka 1915, mzee alikuwa katika miaka ya sabini. Hakujifungia nyumbani. Aliongoza hospitali ya wanajeshi iliyowekwa katika jengo la Borromeo mjini Pavia, na humo wakahudumiwa waliojeruhiwa neva za mikono na miguu. Alistaafu mwaka 1918. Yeye na Lina hawakujaliwa watoto, ila walimlea mpwa wao, Aldo Perroncito, naye akawa mtafiti wa neva. Golgi alifariki tarehe 21 Januari 1926. Siku anayozikwa, ule wavu wake wa ndani ya seli ulikuwa bado unabishaniwa kama upo au haupo.

Mabishano yalizidi baada yake. Mwaka 1949 watafiti wawili mashuhuri, Albert Claude na George Palade, waliandika kwamba wavu wa Golgi si kitu. Ni matokeo ya dawa tu. Ungesema mambo yamekwisha. Lakini wakati huo hadubini ya elektroni ilikuwa ikiboreshwa, ile inayokuza maelfu na maelfu ya mara na haihitaji rangi ya fedha ya mzee. Mwaka 1954 Albert Dalton na Marie Felix, huko Marekani, wakaonyesha picha. Kitu kipo! Ni vifuko bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mara nyingi kati ya 4 na 8, na pembeni mwake vimezagaa vipovu vidogo vidogo. Na hadubini hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo, ikaonyesha ule mwanya mwembamba kati ya seli moja ya neva na nyingine, kama alivyokuwa akisema Cajal. Kwa hivyo Golgi alishinda na kushindwa kwa chombo kimoja. Palade naye hakuona haya kugeuka: katika miaka ya 1960 yeye na wenzake ndio walioonyesha kazi ya kifaa hicho, wakifuatilia safari ya protini katika seli za kongosho. Mwaka 1974 yeye, Claude na Mbelgiji de Duve walipata Tuzo ya Nobel.

Kazi hiyo ni ipi? Ukiulizwa katika mtihani utajibu kwamba kinapakia na kusafirisha, upate alama zako. Lakini hebu tukitazame vizuri kidogo. Wewe unayetoka Kericho au Murang'a umeona kiwanda cha majani ya chai. Majani mabichi yanaingia upande mmoja. Yananyaushwa, yanakatwa, yanaachwa yabadilike rangi, yanakaushwa, yanachambuliwa kwa daraja, na upande wa pili yanatoka yamepakiwa, kila gunia na anwani yake. Kifaa cha Golgi ndivyo kilivyo. Protini zinaundwa na ribosomu, vile vidoa vilivyobandikwa kwenye utando uliokunjamana karibu na kiini. Kutoka huko zinaletwa ndani ya vipovu hadi upande wa kwanza wa Golgi. Zinapopita kutoka kifuko hadi kifuko, vimeng'enya vinazikata hapa na kuzibandika sukari pale. Zikifika upande wa mwisho zinatengwa. Hizi ziende nje ya seli, kama ute unaolainisha utumbo. Hizi zikae kwenye utando. Hizi zipelekwe katika laisosomu, vile vijifuko vya kumeng'enya taka ambavyo de Duve alivitambua. Kosa la anwani si mchezo. Kuna watoto huzaliwa na ugonjwa mzito kwa kuwa vimeng'enya vilivyotakiwa kwenda katika laisosomu vimetupwa nje ya seli.

Katika seli ya mnyama vifuko hivi kwa kawaida huwa vimeunganika karibu na kiini. Katika mmea vimetawanyika kama vituo vidogo vidogo, na seli moja inaweza kuwa na mamia. Huko kazi kubwa ni ujenzi. Selulosi yenyewe hutengenezwa kwenye utando wa nje, lakini pektini na vitu vinavyoishikanisha selulosi hutoka Golgi. Seli ya mmea inapogawanyika, vipovu vya Golgi vinajipanga katikati, vinaungana, na hapo ndipo kiambaza kipya kinapoanzia. Hiyo pektini ndiyo inayofanya jamu ya mapera igande kwenye chupa.

Kama umewahi kutoa damu ukaambiwa wewe ni A, B, AB ama O, tofauti hiyo ni sukari ndogo tu iliyobandikwa, au isiyobandikwa, katika Golgi ya seli zako. Chembe nyekundu hufanyiwa kazi hiyo zikiwa bado changa ndani ya uboho. Zikikomaa hutupa kiini, mitokondria na hata Golgi, zikabaki mfuko wa kubeba hewa. Kijidudu cha malaria kikiingia humo hakikuti kiwanda chochote cha kuazima, kwa hivyo huja na chake. Kina Golgi yake mwenyewe, ndogo sana na isiyo na mpangilio mwingi. Yule mzee alikikodolea macho kijidudu hicho miaka mingi huko Pavia, damu juu ya damu, na hadubini yake isingeweza kumwonyesha.